Koo Aliyebebwa Kimya

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi wa Tarafa, Kalisengon, Java ya Kati
Jina: Warsiti binti Pawiro, maarufu Mama Seno
Umri: miaka 23
Elimu: darasa la sita
Kazi: natengeneza tempe, yaani vipande vya soya iliyochachushwa, na kuiuza, nafuga na kuku
Makazi: kitongoji cha Sengonkidul, kijiji cha Kalisengon
Tarehe: 4/2/2003, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Afande amenieleza kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Nimemwomba anivumilie kwa sababu jambo hili linaanzia kwa kuku. Amesema nianzie ninapotaka.

Ninafuga kate, wale kuku wadogo wa miguu mifupi ambao mabawa yao yanakaribia kufagia chini. Wapo wanaowafuga kwa urembo tu. Mimi nawafuga kwa sababu jike la kate ni mlezi kuliko kuku wote ninaowajua. Akiamua kulalia, hata umwekee mawe atayalalia mawe. Ufugaji huu nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili koo wangu anayeitwa Menik alianza kuatamia. Nilimjua mapema. Alijinyonyoa manyoya ya kifuani, tumbo likawa la moto, na nikipeleka mkono ananguruma na kuvimba kama kofia. Mayai hakuwa nayo. Yote nilikuwa nimempikia mwanangu Seno alipokuwa na homa. Menik akalalia kipande cha mkaa kwenye kapu kando ya jiko, na alikilalia kwa moyo wote, nikamwonea huruma.

Mnamo Jumatatu ya tarehe 6/1/2003 asubuhi, Kaka Ngadiman alipita kwangu akiwa na matenga begani. Ngadiman ni mfumaji wa mianzi wa kitongoji cha Brangwetan, ng'ambo ya mto. Si ndugu yangu wa damu. Namwita kaka kwa kuwa amenizidi umri, na matenga yangu yote ya kuku ameyafuma yeye. Ni mtu wa maneno mengi. Watu wanasema akikosa wa kuongea naye anaongea na mianzi. Nasema "ni" ingawa sasa hayupo, bado sijazoea.

Aliweka mzigo chini akasema, "Mama Seno, nimefiwa."

Nilishtuka nikamuuliza na nani.

"Na mke mdogo. Fungo kamla jana. Kaniachia yatima tisa."

Nikajua anamsema kuku wake wa kate. Nilimpiga na taulo la jikoni. Nikamwambia, "Kaka, siku moja utafiwa kweli, watu wasije."

Hayo nilisema mimi, kwa mdomo wangu.

Akanieleza kwamba yale mayai tisa ameyaweka kwenye pumba na anatafuta koo wa kuyalalia. Binti yake Laras anatimiza miezi saba, na Jumamosi ya tarehe 8/2, ambayo kwa kalenda yetu ya Kijava ni Kliwon, atakanyagishwa ardhi kwa mara ya kwanza. Alisema, "Tundu la kumwingiza nimelifuma mwenyewe, fito nyembamba kama sindano. Humo ndani atakuta kitana, kalamu, mpunga, na vifaranga wake wanamngoja, wadogo kama ngumi yake. Achague. Akishika kalamu, mwalimu. Akishika kuku, basi tena, atakuwa kama wewe, mikono inanuka kinyesi maisha yake yote."

Nilicheka. Nikamwambia nitamwazima Menik, amrudishe vifaranga wakishajitegemea.

Nilimweleza namna ya kufanya. Kapu liwekwe pembeni pasipo na mwanga, chini majivu na mabua ya tumbaku kuzuia utitiri, juu yake majani makavu ya mgomba, na msumari mmoja ili radi isiharibu mayai. Nikamweleza pia namna ya kumbeba. Bibi yangu alikuwa anasema koo anayelalia ni kama mtu aliye kwenye ibada. Ukitaka kumhamisha, ngoja giza liingie, mfunike asione njia, na yule aliyembeba asitamke neno tangu anapotoka mpaka anapomweka juu ya mayai. Ukisema njiani koo anagutuka, anajua amehamishwa, anasusa, na mayai yanakuwa viza. Mimi nimefanya hivyo siku zote. Sijui kama ni kweli, lakini sijawahi kujaribu kinyume.

Nimeulizwa na afande kama hiyo ni desturi ya kitongoji chetu. Najibu kwamba hapana. Ni ya nyumbani kwa bibi tu, na bibi hakuwa mtu wa huku. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyeijua.

Mnamo Jumatano ya tarehe 8/1/2003, baada ya swala ya magharibi, Kaka Ngadiman alifika kumchukua Menik. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Alivaa koti la mvua la plastiki lenye kofia. Mume wangu, Giyarto, alikuwa ameshatoka kwenda zamu ya ulinzi, maana mwezi ule kitongojini kwetu ziliibiwa mbuzi na pikipiki, na watu walikuwa hawalali vizuri.

Nilimwinua Menik kwa mikono miwili, nikimshika chini ya tumbo asiachie joto, nikamzungushia kitambaa cheusi. Kaka Ngadiman akampakata ndani ya koti.

Nikamuuliza, "Utaweza kunyamaza wewe?"

Akasema, "Mama Laras kaniwekea nadhiri. Nikifika bila kusema neno, atafunga siku tatu. Anasema bahari itakauka kwanza."

Nilimpa tochi. Akakataa, akasema mwanga utamsumbua mwenye ibada. Nikakubali. Laiti ningemlazimisha, labda wangemwona uso.

Mlangoni alisema, "Haya. Neno langu la mwisho hili hapa: ahsante. La kufuatia nitalisemea kiotani." Kisha akajaza mashavu hewa kama mtoto aliyebugia maji, akanikonyeza, akaenda. Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Nilikuwa nimekaa namnyonyesha Seno, hata hajashiba, nikasikia kentongan la kibanda cha zamu. Lile gogo likigongwa taratibu ni msiba au mkutano. Lilikuwa linagongwa harakaharaka bila kukatika. Hiyo ni mwizi. Nikasikia watu wanakimbia barabarani, wengine wanapiga mayowe, "Huku! Huku!" Niliingiza komeo mlangoni. Nikamwombea Kaka Ngadiman awe ameshavuka mto, asije akakutana na mwizi gizani akiwa na koo mkononi.

Mume wangu alirudi majira ya saa tatu usiku. Msuli wake ulikuwa umelowa. Alikuwa anacheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu anayetetemeka kwa baridi.

Akasema, "Kahesabu kuku wako, Mama Seno. Mwizi kakamatwa."

"Mwizi wa nini?"

"Wa kuku! Kampakata ndani ya koti kama mtoto mchanga. Na kuku mwenyewe kadogo, hata mchuzi wa mtu mmoja hakatoi."

Nilimuuliza ni mtu gani.

"Hajulikani, kofia ya koti imemfunika uso. Kaulizwa kuku wa nani, kimya. Unatoka wapi, kimya. Anatikisa kichwa, anaonyesha ng'ambo ya mto, halafu anaweka kidole mdomoni, shii, kama anatunyamazisha sisi! Mjumbe, Mzee Karsono, akasema huyu anawaashiria wenzake waliojificha mianzini."

Nilimweka Seno kitandani. Nikasema, "Baba Seno, huyo kuku nimempa mimi."

"Umempa nani?"

"Kaka Ngadiman. Nilimwambia asiseme."

"Asiseme nini?"

"Asiseme chochote. Mpaka afike."

Akakaa palepale kizingitini, mguu mmoja ndani mmoja nje kwenye mvua. Akasema, "Si angetaja jina lake? Mtu si anajua kutaja jina lake?" Hakuwa ananiuliza mimi. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Pigo la kwanza lilimpata mdomoni."

Nilimuuliza yuko wapi. Akasema amepakiwa kwenye gari la mchanga, amepelekwa hospitali. Nilimuuliza kama anapumua. Akasema, "Anapumua." Nikamuuliza kama na yeye alipiga. Akasema, "Tulikuwa wengi."

Nimeulizwa na afande ni nani aliyepiga pigo la kwanza. Najibu kwamba sikuwepo, sikuona. Nimemuuliza mume wangu jambo hilo zaidi ya mara moja. Kila nikimuuliza anatazama mikono yake.

Alfajiri nilipofungua mlango nilimkuta Menik uani. Alikuwa amejaa tope, bawa moja limelegea. Alinipita kama hanijui, akaingia jikoni, akapanda kapuni, akalalia mkaa wake. Nilikaa naye chini nikalia. Yeye aliendelea kuatamia.

Kaka Ngadiman alifariki Ijumaa ya tarehe 10/1 asubuhi, akazikwa siku ileile. Nilikwenda. Watu wa kubeba jeneza hawakutosha mabega, ikabidi mchimba kaburi aache jembe aje kusaidia. Mtu aliyekuwa akipita kwenye uzio wa nyumba yoyote lazima asimame aseme na wenye nyumba, alizikwa na watu wanaohesabika. Watu hawakuja kwa sababu ilishasemwa kwenye misikiti yote miwili, wa kwetu na wa Brangwetan, kwamba ni mwizi wa kuku na amekiri mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Mzee Karsono, mjumbe wetu wa kitongoji, alikuja nyumbani. Nilimwandalia kahawa. Aliongea kwa upole, na siwezi kusema alinitisha.

Alisema, "Warsiti, mwanangu, wewe ndiye mwenye kuku. Polisi wakija kuuliza, sema tu kuku aliibiwa. Yamekwisha. Aliyekufa amekufa."

Nikasema, "Mzee, hakuibiwa."

"Najua. Mumeo kaniambia." Akanywa kahawa. "Lakini Giyarto alikuwepo. Mimi nilikuwepo. Kitongoji kizima kilikuwepo. Utafunga kitongoji kizima? Huyu mtoto wako atalelewa na nani?" Akamshika Seno kidevu, Seno akamcheka.

Nikamuuliza, "Mbona mmesema amekiri?"

Akasema, "Mtu akinyamaza amekiri."

Niliinamisha kichwa. Kwetu mtu mzima akisema kwako unainamisha kichwa, naye akaona nimekubali. Alipoondoka alisema kahawa yangu nzuri.

Mnamo Jumapili ya tarehe 12/1, giza lilipoingia, nilimfunika Menik kwa kitambaa kilekile, nikambeba kumpeleka Brangwetan. Sikuwa na njia nyingine ila ile inayopita kibanda cha zamu. Walikuwepo watu watano, mume wangu akiwa mmoja wao.

Mmoja akaita, "Nani huyo?"

Sikujibu.

"Aa, ni Mama Seno. Umebeba nini, shemeji? Mchumba?"

Wakacheka. Sikujibu. Mwingine akasema, "Mwacheni, kanuna huyo. Giyarto, leo unalala nje!"

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyegusa gogo. Nilipita mbele yao na kuku yuleyule, kitambaa kilekile, mdomo nimeufunga vilevile. Mume wangu hakucheka. Aliinua taa juu nione daraja, akabaki ameiinua mpaka nikavuka.

Mjane wa marehemu anaitwa Lasmini, mimi humwita Mama Laras. Alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mapajani. Alipoona kitambaa alielewa, akaninyooshea kidole pembeni. Kiota kilikuwa tayari tangu siku ile. Majivu, mabua, majani ya mgomba, yote kama nilivyoeleza. Hata msumari ulikuwepo. Niliyapanga mayai nikamteremsha Menik. Alisimama kidogo, akayasogeza moja moja chini yake kwa mdomo, akajitikisa, akakaa, na macho yake yakawa yale ya kutotazama kitu. Hapo ndipo niliposema.

Nilimwambia Mama Laras kila kitu. Sikujua atanifanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Alinyamaza?"

Nikasema ndiyo.

"Ngadiman?"

Akaanza kucheka. Alicheka sana mpaka mtoto akagutuka, na kicheko kikageuka katikati. Alisema, "Nina deni la kufunga siku tatu." Kesho yake akaanza kufunga, na alifunga zote.

Tulivyokaa aliniambia kwamba kule hospitali alimkuta mumewe taya limevunjika pande mbili. Walikuwa wanamdondoshea maji kwa pamba. Hakuweza kusema na mkewe hata salamu. Aliinua kidole kimoja tu akakiweka juu ya bandeji, pale midomo ilipo. Mama Laras alidhani anasikia kiu. Alikuwa akimpa maji.

Naomba afande aandike hapa kwamba mtu wa taya lililovunjika hawezi kukiri. Na pigo la mdomoni lilikuwa la kwanza, kwa maneno ya mume wangu. Kabla ya pigo hilo hakutamka neno, na baada yake asingeweza. Sasa alikiri saa ngapi?

Nilikuwa nakwenda Brangwetan kila baada ya kumaliza kufunga tempe. Nilimtoa Menik kiotani mara moja kwa siku ale, anywe, ajipige vumbi, na yeye alikuwa akila haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Juma moja lilipopita tuliyamulika mayai kwa tochi. Mawili yalikuwa viza. Yaliyobaki yalikuwa na mishipa myekundu, na kwenye moja tuliona kitu kinaruka. Mama Laras aliomba alione tena. Akamsogeza Laras naye aone. Nilifikiri labda Mama Laras ataanza kula vizuri.

Lakini dukani alikuwa haendi tena, nilikuwa namnunulia mimi. Siku aliyokwenda, mwanamke mmoja alimwambia mwenye duka, "Mfungie mayai vizuri huyo, wakikosa watayafuata usiku." Mwenye duka akacheka. Watoto wakipita kwenye uzio wake wanawika. Wanawika tu, kokorikoo, wanakimbia. Ni watoto, hawajui. Wanaosikia ndani wanajua.

Siku za mwisho tulinyunyizia mayai maji ya vuguvugu. Mnamo Jumamosi ya tarehe 1/2 Menik alianza kuzungumza kwa sauti ya chini ambayo koo hatumii siku nyingine yoyote, na mayai yakamjibu. Mama Laras alikuwa hajawahi kusikia. Alilala kifudifudi sikio karibu na kapu. Akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwambia koo anawaambia njooni, na wao wanasema bado.

Mpaka Jumapili jioni walikuwa wametoka sita. Wa saba alitoboa ganda akaishia hapo. Mama Laras alitaka kumsaidia kwa kucha, nikamzuia, ukimtoa kwa nguvu anatoka damu. Tulingoja. Usiku sauti yake ikakoma. Mama Laras alimzika mwenyewe chini ya mwanzi, na alichimba shimo refu kupita kiasi.

Wale sita ni wazima. Wawili weusi, wanne rangi ya majani makavu. Wanakula chenga za mchele nilizozilowesha kwenye maji ya manjano. Menik anadonoa, anadondosha, anawaita, wanakimbilia wote mahali pamoja na kuangushana. Ukinyoosha mkono anakurukia usoni na lile bawa lake bovu. Laras anawatazama na kupiga kelele za furaha. Nilimwambia Mama Laras, "Unaona, wamewahi. Jumamosi Kliwon watakuwa wamechangamka kabisa."

Akasema, "Jumamosi ipi?"

"Ya Laras. Ya kukanyaga ardhi."

Aliniangalia kama namdhihaki. Akasema, "Nimpikie nani wali, Warsiti? Nani atakuja kumshika mkono? Imamu kanitumia salamu kwamba ana safari. Wakunga wote wana safari. Kijiji kizima kina safari Jumamosi." Kisha akasema, "Mwache akanyage siku atakayoteleza mwenyewe. Atakanyaga hivyohivyo, mtoto wa mwizi."

Lile tundu alilolifuma Kaka Ngadiman limening'inia darini. Ni zuri sana. Sijawahi kuona fito nyembamba namna ile. Alikuwa amebakiza kufunga mlango tu.

Jana jioni nilimwambia mume wangu kwamba kesho naenda polisi. Nilitegemea atanipiga au atanilaani. Alikuwa anamwogesha Seno. Aliendelea kumwogesha, akamkausha masikioni, akasema, "Ukisema, watanijia."

Nikasema, "Najua."

"Na bado unakwenda."

Nikamwambia hivi. Nilimwambia Kaka Ngadiman anyamaze mpaka afike kwenye mayai. Akanyamaza. Na mimi nikanyamaza mpaka mayai yatoke. Nilijidanganya kwamba nalinda kiota, afande, kumbe naogopa. Sasa wametoka. Sina mayai mengine ya kusingizia.

Leo asubuhi nilimkuta ameshatoa baiskeli, ameipangusa kiti cha nyuma. Alinileta yeye. Mimi nyuma, Seno mbele ndani ya shuka. Tulipita kibanda cha zamu, tukapita daraja, njia nzima hatukusema neno. Sasa hivi yuko nje chini ya mti na mtoto.

Nimeulizwa na afande kama nina chuki na mtu yeyote aliyetajwa humu. Najibu sina. Wengi wao ni watu wanaoniazima chumvi. Mume wangu ni mtu mwema, na naomba hilo nalo liandikwe, hata kama halisaidii.

Nimeulizwa ninataka nini. Nataka iandikwe kwamba Menik hakuibiwa, nilimtoa mimi kwa mikono yangu. Nataka isomwe kwenye misikiti yote miwili kama ile taarifa ya kwanza ilivyosomwa, kabla ya Jumamosi. Afande amesema hawezi kuniahidi kwamba itakuwa kabla ya Jumamosi. Nimemwelewa. Nimesema basi nitapika wali mwenyewe, na nitamshika Laras mkono mmoja, mama yake mwingine. Akitokea wa tatu tutamkaribisha.

Niliyoyaona ni hayo, niliyoyasikia ni hayo. Nimesomewa, hakuna lililoongezwa wala lililoachwa, natia sahihi yangu.

(sahihi) Warsiti

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Retno Utami, bila shahidi kushurutishwa wala kuahidiwa kitu. Nilimsomea, akaomba maneno "marehemu mtuhumiwa" yafutwe kwenye kichwa cha jalada. Nimemweleza kwamba hilo linaamuliwa na mkuu wa kituo. Ameomba niandike kwamba aliomba.

Koo aliyetajwa hakuchukuliwa kuwa kielelezo. Ana vifaranga.

Nyongeza: Saa tano na robo asubuhi, shahidi akiwa bado ofisini, mume wake Giyarto aliingia akiwa na mtoto. Nilimuuliza anahitaji nini. Alimkabidhi shahidi mtoto, akamfunga shuka vizuri mabegani, kisha akakaa kwenye kiti alichotoka mkewe na kuweka mikono yote miwili juu ya meza. Nimechukua karatasi mpya.